Bampa za kale kwenye Beetle ya 1970

Beetle yangu ni ya 1970, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye bampa za zamani, zile nyembamba zilizopinda kwa madaha. Volkswagen iliziacha kuanzia matoleo ya 1968, ikaleta za bapa ambazo hukaa juu zaidi. Boneti nayo ikafupishwa, na matundu ya madigadi yanayopitisha mikono ya bampa, yaani vyuma vinavyoishika kwenye bodi, yakahama. Ndiyo maana bampa ya kale haiingii hivi hivi.

Fundi wa kwanza, kule Changamwe hapa Mombasa, alitaka kukata madigadi. Nikakataa. Kwa chumvi ya hewa yetu, digadi la asili ambalo halijaliwa na kutu ni mali. Nikaenda Kisauni kwa mzee mmoja wa bodi. Akainama, akapapasa tundu kwa kidole, akasema: "Mwanangu, gari tuliache lilivyo. Tukate mikono."

Nati zililoweshwa mafuta usiku kucha ndipo zikalegea. Mikono ya 1970 ikakatwa, tukabakisha sehemu inayofungwa kwenye bodi na kupita tunduni. Mbele yake tukaunga vipande vya mikono ya bampa ya kale. Mzee alichora umbo kwenye kadibodi kwanza, akapiga weldi nukta mbili tatu tu, tukavisha, tukarudi hatua kadhaa kutazama, tukatoa tena. Hapa hakuna haraka. Uchomaji wote ulifanyika mbali na gari, maana tangi la petroli la Beetle liko mbele, chini ya boneti, na cheche moja inatosha.

Nyuma hakukuwa na kazi kubwa, ila tuliacha nafasi ya kutosha juu ya mabomba mawili ya ekzosi ili joto lisiharibu kroma.

Kupima usawa tulitumia ukingo wa boneti. Sakafu ya gereji ya jua kali ina mabonde, ukiifuata, bampa itakaa upande. Nati hazikukazwa mpaka kushoto na kulia kulipolingana kabisa.

Upande wa ndani wa bampa niliukwangua kwa brashi ya waya, nikapaka praima ya kuzuia kutu, kisha rangi ya fedha. Kutu huanzia huko kusikoonekana. Nikishavuka feri ya Likoni, nazisuuza bampa kwa maji matamu, ndani kuliko nje.