Magamba ya Kijani

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa nikishinda kwenye kibanda cha mjomba, jirani na soko la Kibuye, Kisumu. Mjomba alitengeneza mapambo ya pembe za ng'ombe, shaba na shanga. Mimi nilikuwa mtu wa msasa tu, kutwa nzima, vumbi la pembe puani.

Siku moja akaingia Sista mtu mzima, akafungua leso na kumwaga mezani magamba ya konokono. Uzi wa mkufu ulikuwa umekatika. Konokono ninaowajua mimi ni wale wa kahawia wanaomaliza sukuma usiku. Hawa walikuwa kijani kibichi cha majani machanga ya chai, na ufito mwembamba wa manjano ukifuata mzunguko wa gamba. Kila moja sentimita nne hivi.

"Sista, hapa umeuziwa rangi," mjomba akasema.

"Si rangi, fundi. Wako hivyo."

Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua wembe akakwangua ukingoni mwa gamba moja. Kijani kikabanduka, chini yake manjano matupu. Akamtazama Sista kama wakili aliyemaliza kesi.

Sista wala hakupandisha sauti. Alikuwa amefundisha Manus, kisiwa cha Papua New Guinea, na konokono hao asili yao ni huko. Gamba lenyewe, alisema, ni chokaa ya manjano. Juu yake konokono hujitandia ngozi nyembamba, na kijani chote kimo katika ngozi hiyo. Ukiikwangua, umemvua nguo. Huishi juu mitini, kwa hiyo wapo waliokata mti mzima ili kuwapata. Baadaye nilisoma kwamba Marekani iliwaweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1970, na kwamba biashara yao kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Siku ile sisi tulikuwa tunabishania rangi tu.

Mjomba akalowesha kitambaa cheupe kwa thina, akasugua gamba jingine kwa nguvu. Rangi nyingi za kupaka hazivumilii thina. Akageuza kitambaa huku na huku: cheupe pe.

Akanyamaza. Akatunga mkufu upya mwenyewe, kazi ambayo kwa kawaida angenitupia mimi, na lile lililokwanguliwa akalipeleka nyuma, kwenye kishikizo.

"Ni ngapi, fundi?"

"Uzi shilingi hamsini. Kukwangua sikutozi."