Tarakimu moja iliyozuia sabuni yangu Rumonge

Natengeneza sabuni ya mche kwa mawese ya hapa hapa Kigoma, na wateja wangu wakubwa wako Burundi. Mzigo unapakiwa Kibirizi kwenye boti za mbao, unashushwa Rumonge. Miaka mitatu mambo ya forodha nilimwachia wakala. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhesabu katoni, kulipa na kurudi kiwandani.

Siku moja katoni 120 zikazuiwa Rumonge. Mteja akanipigia: "Mama, karatasi inasema sabuni ya kuogea, na huku tumefungua tumekuta ya kufulia." Nikamwomba anitumie picha kwa WhatsApp. Niliikuza mpaka nikauona mstari wenyewe: 3401.11. Nimeuza sabuni miaka yote hiyo, namba ya forodha ya sabuni yangu siijui.

Asubuhi nikaenda forodha na mche mmoja mkononi. Ofisa, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, alifungua kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki akanionyesha kwa ncha ya kalamu. 3401 ni sabuni. Ikimalizikia 11 ni ya kuogea, ikimalizikia 19 ni sabuni nyingine za mche na vipande, na humo ndimo yangu inamoingia. Tarakimu sita za mwanzo nchi zetu zote zinazitumia vilevile, ndiyo maana mwenzake wa Rumonge aliisoma karatasi ya Kigoma akajua hailingani na mzigo. Wakala alirekebisha, mzigo ukatoka siku ya nne. Mteja wangu alikuwa ameshanunua kwa mwingine nusu ya alichohitaji, na hilo liliniuma kuliko gharama za kuhifadhi.

Kabla sijaondoka yule kijana akaniuliza thamani ya mzigo. Nilipomtajia akashangaa: "Mama, hii haifiki dola 2,000, mbona unahangaika hivyo?" Kumbe Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa sisi wafanyabiashara wadogo. Bidhaa ikiwa imezalishwa ndani ya Jumuiya na thamani haizidi dola 2,000, unajaza cheti rahisi cha uasili, yaani karatasi ya kuonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, forodha wanagonga muhuri, na ushuru wa forodha hautozwi upande wa pili. Kodi nyingine za ndani zinabaki palepale, na masharti ya ubora pia. Nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, lazima niwe nayo.

Sasa cheti hicho nakijaza mwenyewe. Nina daftari la mistari: ukurasa wa kwanza namba ya kila bidhaa yangu, chini yake thamani ya kila shehena kwa shilingi na kwa dola ya siku hiyo. Ankara naandika "sabuni ya kufulia ya mche", siandiki "sabuni" peke yake. Katoni naandika uzito.

Juni ndiyo mwezi ninaouogopa na kuuheshimu. Bajeti inasomwa katikati ya mwezi, gazeti rasmi la Jumuiya linatoka, na Julai mosi viwango vipya vinaanza. Mwaka 2022, kwa mfano, siku hiyo kitabu cha namba kilibadilika na kikaongezwa kiwango cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Kwa hiyo wiki ya mwisho ya Juni sipakii kitu. Nakwenda forodha na daftari langu, tunapitia namba moja moja.

Kwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, bado nakwenda polepole. Kongo iliingia Jumuiya mwaka huo huo wa 2022, lakini kuingia ni jambo moja na kaunta ya forodha kuanza kutumia taratibu zetu ni jambo jingine. Mteja wa kule namtumia picha ya cheti kwanza, aende nayo forodha yao aulize. Akinijibu wanakipokea, ndipo nawaita vijana wa kupakia.