Ndoo ulivyo

Leo siku ya nne na neno lenyewe halijashuka. Limekwama kama mwiba wa samaki ambao umeshaumezea matonge mangapi ya wali mtupu na bado upo.

Dairekta mnamjua, mtoto wa kaka, yule aliyerudi kutoka Mombasa na kamera ya kuazima badala ya cheti. Juma hili kaka katolewa hospitali, harusi ya nyumba ya pili imepita na makesha yake, stima imekatika siku mbili, na mimi haya yote nimeyapita kama mtu anayekatiza sokoni amefumba macho. Kinachonizunguka kichwani ni maongezi yasiyofika hata dakika moja, hapo dakani pangu, Jumanne baada ya alasiri.

“Shangazi, nawe umo kwenye filamu.”

“Nimo nani?”

“Bi Kizee wa dirishani. Unamwona muuaji akipita.”

“Nivae nini?”

Akaniangalia kuanzia mtandio hadi malapa, haraka haraka, kama mtu anayehesabu chenji. Akasema: “Ndoo ulivyo. Usibadili kitu.”

(Kwa wasomaji wa bara: si ndoo ya maji. Kwetu Lamu ndoo ni njoo.)

Kisha akanikabidhi orodha ya mavazi, maana fundi ni mimi na shangazi halipwi. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa, hata zile za Baba Watoto za wakati ule. Mpelelezi, msichana wa miaka 24: koti jeusi la ngozi, suruali ya kubana, buti. Mwanamke hatari: dera jekundu, wanja, kikuku mguu wa kushoto. Mkuu wa genge: kanzu, kizibao, kofia ya kushonwa kwa mkono, bakora, ndevu zipakwe poda. Muuaji: buibui na ninja ya kufunika uso. Halafu mstari wa mwisho, Bi Kizee (70), na mbele yake hapana kitu. Karatasi tupu.

Mimi nina miaka 49.

Huyo mkuu wa genge anachezwa na rafiki yake Dairekta wa miaka 22, kijana ambaye juzi tu nilimpunguzia sare ya shule. Yeye anapakwa uzee kwa poda, na uzee wake unakuja na bakora na watu wa kumsimamia anapoingia. Wangu hauhitaji hata poda.

Nimekuwa nikimjibu tangu Jumanne. Nikipiga pasi namjibu, nikikuna nazi namjibu. “Ndoo ulivyo.” Wewe mwenyewe ulivyo? “Usibadili kitu.” Kwani hujui kama mtandio huu ni wa kazini, na kabatini nina abaya niliyoidarizi mikono kwa majuma matatu? Majibu mazuri yote yamekuja, ila yamekuja baada ya yeye kwenda zake.

Koti la ngozi nimelishona. Ngozi hatuna, nimetumia reksini iliyobaki kwenye mito ya viti vya mashua ya wageni. Sindano mbili za namba 18 zimevunjika. Na jua hili la kaskazi! Mtoto wa watu atachemka humo ndani kama kiazi. Nikamuuliza Dairekta mpelelezi wa Lamu anavaa koti la nini, akasema bila koti watazamaji hawatajua kama ni mpelelezi. Akaniachia flashi yenye filamu sita “nijifunze”.

Nikajifunza, basi. Usiku baada ya isha, sauti chini, Baba Watoto amelala.

Nilianza na Double Indemnity ya 1944. Mwanamke anashuka ngazi na kamera imeinamia miguu yake, na mguuni pana kikuku. Mwanamume wa bima hajamaliza hata kujitambulisha vizuri, macho yameshabaki pale. Barbara Stanwyck alivalishwa na nywele za bandia za rangi ya dhahabu, ili hata aliyechelewa kuingia ajue huyu si mtu wa kheri. Mimi nilibaki na kile kikuku. Nyanya yangu aliolewa na vikuku vya fedha, vizito, jozi nzima, na alikuwa mtu wa msala na tasbihi. Lakini nani wa kusema? Siku hizi hata mitaa yetu ina maneno yake juu ya binti mwenye kikuku, na Dairekta hakuyaokota kwenye flashi tu.

Iliyoniudhi zaidi ni Se7en ya 1995, na ni nzuri, nisiseme uongo. Morgan Freeman ni mpelelezi aliyebakiwa na siku saba astaafu. Kofia, tai, koti refu la mvua, kila kitu kimewekwa mahali pake asubuhi kama mtu anayejiandaa kwa sala. Mwenzake kijana, Brad Pitt, yuko na koti la ngozi na haraka zake. Unawatazama tu unajua nani atakosea. Uzee wa yule mzee umeshonwa vizuri, una mshono na bitana, na kila anapoingia mahali nguo zake zinamtangulia kusema huyu amesoma, amechoka, msikilizeni. Nikasema haya, sasa yuko wapi mwanamke wa umri wake? Nikakodoa macho mpaka mwisho. Yupo mke wa kijana, mrembo, mwalimu, anapika chakula cha usiku na anatia huruma. Yaliyompata sisemi, wengine hamjaitazama.

Nikazima simu saa saba usiku nimenuna kama nimetukanwa mimi binafsi.

Jana ndipo nikafika kwenye ile ya 1961, Murder She Said, nyeusi na nyeupe. Nilitaka kuipita. Bibi kizee hasa, mnene, Margaret Rutherford, mzaliwa wa 1892. Yuko ndani ya treni, treni nyingine inapita kando, na kwa dirisha anaona mwanamke akinyongwa.

Bibi wa dirishani! Nikakaa kitako.

Polisi hawamwamini. Sasa kwa filamu ya Dairekta hapo ndipo Bi Kizee anapofunga dirisha na kwenda zake. Huyu hakufunga kitu. Akaenda kuomba kazi ya utumishi wa ndani kwenye jumba analolishuku, ili aitafute maiti mwenyewe, na kamera ikamfuata yeye. Filamu nne akawa mhusika mkuu hivyo, hadi 1964. Na alipotakiwa kuucheza mchezo huo alishikilia mambo mawili: avae nguo zake mwenyewe, na mumewe apewe nafasi kando yake. Akapewa yote. Yule bwana mwembamba anayemfuata na wasiwasi wake ni mumewe kweli.

Nilicheka peke yangu gizani mpaka Baba Watoto akaamka. Nikamweleza, nikamwambia nami nitakudaia nafasi kwa Dairekta. Akasema, “Nidaie ya maiti, niachwe nilale,” akageukia ukutani.

Asubuhi nikamwita Dairekta. Sikumtajia la Jumanne. Nilimuuliza muuaji wake ana urefu gani, nichukue futi.

“Shangazi, buibui lolote tu. Shabaha ni asijulikane.”

“Na nani?”

“Na mtu yeyote. Keshajifunika.”

Hapo nikaiweka futi chini. Nikamwambia, mwanangu, miaka 27 nashona mabuibui ya mtaa huu. Mwanamke amelizoea pindo, analisukuma kidogo kwa ncha ya mguu kila hatua wala hajui kama analisukuma. Mwanamume akivaa buibui hulikanyaga mara ya kwanza, mara ya pili hulikamata kwa vidole viwili mbele, kama mtu anayevuka maji. Mabega ndiyo usiseme. Na harufu, mwanamke wa hapa hapiti bila udi hata akienda kununua bamia. Muuaji wako hafiki kona ya kwanza, mimi nimeshamjua na mama yake nimeshamjua. Lakini wewe umeniweka dirishani nitazame tu.

Akanyamaza. Akatoa simu. “Hebu rudia hapo kwa vidole viwili.”

Nikarudia. Nikalivaa buibui la mteja nikamtembelea ukumbini, kwanza kama mke wa watu, halafu kama jambazi, mpaka binti yangu akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Dairekta alicheka hadi akakaa chini. Akanipa sentensi mbili, na moja ndiyo inayomnasa muuaji. Kisha tukagombana juu ya ile 70 kwenye mabano. Nikamwambia andika 49. Akasema hapana shangazi, Bi Kizee wa 49 nani atamwamini? Tukapatana kama watu wa soko la samaki, yeye akishuka kidogo kidogo, tukasimama 58. Nikaondoka nimefurahi. Nilipofika jikoni ndipo nikakumbuka kwamba nimejiongeza miaka tisa kwa hiari yangu.

Nguo bado sijaamua. Abaya ya mikono ya darizi iko nje ya kabati tangu mchana, inapunga upepo.

Ila jambo jingine. Leo nimefagia chini ya cherehani mara tatu na mara tatu nimekuta unga, laini, wa manjano, pale pale. Nimepanda kiti nikaigonga boriti kwa mpini wa ufagio, ya tatu kutoka ukutani, ikaitika kama ngoma. Boriti moja haiuzwi, utaambiwa uchukue korija nzima, ishirini, na chumba cha watoto kiko juu yake. Baba Watoto nimemwambia akasema ni vumbi la kitambaa. Vumbi la kitambaa nalijua mimi. Usiku huu nimewahamishia watoto upande wa pili, na kila nikinyamaza kuandika nasikia kama kuna kitu kinatafuna.