Paa linavuja: itafute njia ya maji kabla ya kununua lami

Tone likidondoka sebuleni, watu wengi humwita fundi apande na kopo la lami. Anapaka juu ya pale panapodondoka, analipwa, anaondoka. Mvua ya pili inakuta tone liko palepale, au limehamia futi mbili pembeni. Maji yaliingilia kwingine kabisa: yalipita juu, yakateremka chini ya bati au yakafuata mgongo wa mbao ya kenchi, yakakutana na msumari au ungio la dari, ndipo yakaachia. Tundu linaweza kuwa mita 2 juu ya doa unaloliona darini. Kwa hiyo upekuzi unaanzia kwenye doa na kupanda kuelekea kwenye kofia ya paa, yaani bati linalofunika kilele.

Kama bado inanyesha, usipande. Mvua za ukanda wa Ziwa Victoria huja na radi nyingi, na bati lililolowa halimshiki mtu hata akiwa na kiatu cha mpira. Zima umeme kwenye swichi kuu ikiwa maji yako karibu na taa au nyaya. Dari la jipsamu likianza kushuka katikati, weka ndoo chini yake kisha litoboe kwa bisibisi pale liliposhuka zaidi. Tundu dogo ni rahisi kuziba baadaye, lakini ubao mzima uliojaa maji huanguka na kila kilichoshikizwa juu yake.

Mvua ikiwa bado inanyesha ndiyo saa nzuri ya kuingia darini na tochi, umeme ukiwa umezimwa. Kanyaga mbao tu, usikanyage ubao wa dari. Angalia mistari ya maji kwenye mbao, ifuate kwenda juu hadi sehemu ya mwisho yenye unyevu, uichore kwa chaki. Pima umbali wake kutoka kuta mbili, maana ukiwa juu ya paa kila bati linafanana na jingine na bila vipimo hutapajua. Mchana wa jua, rudi darini bila tochi: tundu lililo wazi litajionyesha kwa mwanga.

Usipoona kitu, tumia mpira wa maji siku kavu. Mtu mmoja awe juu, mwingine ndani. Anza chini karibu na upenu, mwagilia mstari mmoja kwa dakika 5 hadi 10, kisha panda hatua kwa hatua. Ukianzia juu, maji yatapita kwenye kila ungio lililo chini yake na hutajua lipi limeyaingiza.

Kuna jambo moja linalowapotezea watu pesa nyingi: matone ya asubuhi yasiyo na mvua. Huko Kabale na Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, na popote penye usiku wa baridi, mvuke wa jikoni na wa pumzi za watu hupanda, hukuta bati limepoa, hugeuka maji. Ukiona unyevu umeenea chini ya bati zima badala ya kuanzia mahali pamoja, na usiku haikunyesha, hapo hakuna tundu la kuziba. Panahitajika matundu ya hewa upenuni na kileleni, na moshi na mvuke wa jikoni upate pa kutokea.

Msumari ndio mkosaji mkubwa

Kwenye paa la mabati ya mawimbi, sehemu kubwa ya uvujaji huanzia kwenye misumari, na sababu yake inaeleweka vizuri. Bati la mita 3 likipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lile la alfajiri hurefuka karibu milimita moja na nusu, kisha jioni hunywea. Mchezo huo hurudiwa kila siku ya jua, na kila mara bati linausukuma msumari huku na huku, tundu linapanuka. Mbao nayo inachangia. Paa nyingi za Uganda zimeezekwa juu ya mkaratusi uliopigiliwa ungali mbichi. Ukikauka husinyaa na kuuachia msumari. Wakati huohuo mpira ulio chini ya kichwa cha mwavuli unapasuka kwa jua, na maji yanapata njia ya kushuka na shina la msumari hadi ndani.

Kuugonga msumari urudi chini hakusaidii. Tundu kwenye mbao limeshalegea, na baada ya muda mfupi utapanda tena. Ung'oe, uweke skrubu.

Unapong'oa, laza kipande cha ubao juu ya bati uegemeze makucha ya nyundo hapo, la sivyo utabonyeza mgongo wa bati na kutengeneza kidimbwi. Nunua skrubu za mabati za kuingia kwenye mbao, zenye washa ya chuma iliyogandishwa mpira mweusi chini yake. Urefu ni muhimu: wimbi la bati la kawaida lina kina cha milimita 18 hivi, na skrubu inataka kuzama kwenye mbao milimita 35 hadi 40. Ya milimita 65 inatosha. Ya milimita 50 inabaki na mshiko mdogo. Usiirudishe kwenye tundu la zamani ikiwa mbao hapo imelegea. Sogea hadi mgongo wa wimbi la jirani, ukiwa bado juu ya papi, yaani ile mbao ya kupigilia bati, na lile tundu la zamani ulizibe kwa riveti na silikoni.

Ukikaza kwa drili, punguza nguvu yake. Skrubu isimame wima, na uache kukaza pale mpira unapoanza kutokeza kidogo tu kuzunguka washa. Mpira uliobanwa hadi ukachomoza nje utapasuka mapema. Uliolegea utapitisha maji leo hii.

Hesabu kabla ya kwenda dukani. Upande wa paa wenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 4 kutoka upenu hadi kileleni utakuwa na mabati kama 14 na mistari 6 hivi ya papi. Kwa skrubu 4 kwa kila bati katika kila mstari, ni 336. Nunua 350, na kwenye mstari wa upenu na wa kileleni, ambako upepo huinua bati, zidisha. Si lazima ubadilishe zote kwa mara moja, ila ukishakuta misumari kumi imepanda upande mmoja, ujue iliyobaki iko njiani.

Kwa bati la mawimbi, skrubu au msumari hukaa mgongoni mwa wimbi, kamwe si bondeni ambako maji yote hupita. Yako mabati ya muundo wa boksi ambayo hufungwa bondeni kwa skrubu zenye mpira, na hayo huvumilia. Msumari bondeni hauvumilii popote.

Maungio

Paa likivuja tu mvua inapokuja na upepo wa upande fulani, achana na misumari, tazama maungio. Bati linapaswa kulalia la jirani kwa wimbi moja na nusu hadi mawili, na mdomo uelekee kule upepo wa mvua usikotoka. Kwa kwenda chini, bati la juu lilalie la chini sentimita 15 kwenye paa lenye mwinamo mzuri, na 25 au 30 kwenye paa lililolala. Mafundi wanaobana mabati wanaanzia kuiba hapo, na mwenye nyumba haoni. Mabati mawili yaliyobanana sana kwa mpishano mfupi hunyonya maji katikati yake na kuyapandisha hadi ndani.

Dawa yake ni kulegeza skrubu za ungio hilo, kuinua bati la juu, kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu, kulaza utepe laini wa gundi ya kuzibia katikati ya mabati mawili, kisha kufunga tena. Kupaka silikoni kwa nje kwenye ukingo wa chini ndiko kunakofanywa na wengi, na ni kazi mbaya: maji yakiingia kwa juu hayapati pa kutokea, yanakaa na kulitafuna bati.

Silikoni yenyewe ichaguliwe. Ile inayonuka siki inapokauka hula zinki ya bati. Uliza isiyo na asidi, ya kutumika kwenye chuma. Na hakuna silikoni inayoshika juu ya kutu, vumbi au unyevu, hivyo brashi ya waya na kitambaa chenye spiriti vitangulie.

Kofia ya paa ifunike sentimita 15 kila upande. Kama upepo unasukuma mvua chini yake, fungua kofia, na kwa koleo ukunje juu kidogo mabonde ya ncha za mabati yaliyo chini yake, ili maji yakirudishwa na upepo yakute kizuizi. Kisha jaza nafasi kwa sponji iliyokatwa kwa umbo la mawimbi.

Bonde la paa, pale pande mbili zinapokutana, hubeba maji ya pande zote mbili, na ndilo huoza mapema. Bati lake liwe na upana wa sentimita 45 au zaidi, kingo zake zikunjwe ndani, na katikati pabaki wazi sentimita 10 hivi. Usipigilie chochote katikati. Majani ya mwembe au mparachichi yakirundikana hapo, maji hupanda na kumwagikia ndani ingawa hakuna tundu hata moja. Ufagio unaweza kumaliza kazi yote.

Ukutani je? Mara nyingi fundi hupaka mota ya saruji pale bati linapogusa ukuta. Bati hutembea kwa joto, saruji haitembei, ufa hutokea. Isitoshe, saruji mbichi huunguza zinki. Piga mchirizi wa kina cha milimita 25 ukutani, ingiza bati lililokunjwa, lipande ukutani sentimita 15 na kushuka juu ya mabati angalau kiasi hicho, halafu ziba mchirizi kwa silikoni.

Nyumba za paa lililofichwa nyuma ya ukuta, zinazopendwa sana Kampala na Entebbe, zina hatari yake. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo mvua ya milimita 30 juu ya paa la mita 80 za mraba ni lita 2,400, na zote zinapita kwenye mfereji mmoja wa ndani. Kaveera moja, yaani mfuko wa plastiki, likiziba bomba, maji yanarudi chini ya ncha za mabati. Weka mabomba mawili ya inchi 4, na tundu la dharura kwenye ukuta, chini kuliko ncha za mabati, ili maji yakizidi yamwagikie nje. Wale korongo wakubwa wa Kampala, kalooli, wakizoea kusimama hapo, mfereji huo usafishwe mara nyingi zaidi.

Lami, vigae na zege

Lami ina nafasi yake kwa usiku mmoja wa dharura. Jua huipasua, huficha tundu ulilokuwa ukilitafuta, na maji ya paa lenye lami mbichi yasielekezwe kwenye tangi la kunywa. Kwa tundu la msumari au ufa mdogo, utepe wa lami wenye ngozi ya alumini ni bora: safisha, kausha, ubandike kuanzia chini kwenda juu, kila kipande cha juu kikilalia cha chini.

Vigae vya udongo, kama vile vya Kajjansi, havivumilii paa lililolala. Chini ya nyuzi 30 hivi za mwinamo, mvua ya upepo hupita katikati yake. Kigae kilichovunjika hutolewa kwa kuinua viwili vilivyo juu yake na kuviegemeza kwa vijiti, kisha kipya kinasukumwa mahali pake. Zege tambarare linahitaji mwinamo wa sentimita 1 angalau kwa kila sentimita 80. Likiwa na madimbwi, rekebisha mwinamo kwanza, halafu ndipo utandike zulia la lami la kuchoma kwa moto.

Nyumba za zamani za taasisi zenye paa la asbesto zisiguswe na fundi wa kawaida: vumbi lake ni hatari kwa mapafu, na paa lenyewe huvunjika ghafla chini ya mguu. Juu ya mabati, kanyaga kwenye mistari ya skrubu ambako kuna mbao chini. Mguu wa ngazi uwe umbali wa robo ya urefu wake kutoka ukutani.

Kwa mikoa ya kusini mwa Uganda, Januari na Februari, kisha Juni na Julai, ndiyo miezi ya kufungua paa. Kaskazini, subiri Desemba hadi Machi.

Wakati wa kuacha viraka ni pale bisibisi inapopenya bati kwa kubonyezwa tu. Hata hivyo bati moja la katikati hubadilishwa peke yake: legeza skrubu za majirani wawili na za bati la juu, chomoa bovu, ingiza jipya likilalia kama lilivyokuwa la zamani. Nenda dukani na kipande ulichokata, kwa sababu mawimbi ya viwanda tofauti hayaingiliani. Geji 28 ina unene wa milimita 0.4 hivi, geji 30 kama 0.3, na 32 ni jembamba zaidi. Omba lipimwe kwa mikromita mbele yako. Likate kwa mkasi wa bati. Ukilazimika kutumia grainda, ulikatie chini, mbali na paa, na ufagie unga wote wa chuma siku hiyohiyo, kwa kuwa ukilowa unashika kutu na kuiingiza kwenye bati jipya.