Klabu yetu ya mazingira ilipona tulipoipanga kwa njia za daladala

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika sekondari ya kutwa ya serikali, upande wa Temeke, na ndiye mlezi wa klabu ya mazingira. Walezi wenzangu wakinikuta kwenye semina huniuliza jambo lile lile: miche yenu inaponaje? Nawajibu hapa kwa kirefu. Na nina hasira kidogo na watu waliotushauri mwanzoni, kwa sababu ushauri wao ulitupotezea misimu ya mvua na nusura uwavunje watoto moyo kabisa.

Ushauri wa kwanza ulikuwa kwamba kitalu kiwe shuleni, nyuma ya madarasa, wanafunzi wamwagilie kwa zamu. Tukafanya. Milonge ikawahi kuchipua kama kawaida yake, mikungu ikafuata, Mkuu wa shule akawa anapitisha wageni waje kuona. Ikafika Desemba, shule ikafungwa. Shule ya kutwa ikifungwa anabaki mlinzi na kunguru. Mlinzi wetu ni mzee mwenye moyo mzuri, aliahidi kumwagilia, lakini bomba likikauka afanye nini? Anunue maji ya dumu kwa mshahara wake? Na hiyo Desemba kwenda Februari ndiyo miezi ya joto kali hapa Dar. Tulipofungua Januari tulikuta viriba, vile vimfuko vya kuoteshea miche, vimejipanga vizuri kabisa, ndani yake vijiti vikavu. Binti mmoja wa kidato cha pili alipita kiriba kwa kiriba akikwangua magome kwa ukucha, akitafuta ukijani. Hakuupata, akaomba ruhusa arudi darasani.

Mshauri wa pili alitoka kwenye mradi fulani. Akatuambia tupande tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, ili tupate mgeni rasmi. Juni, Dar es Salaam! Masika huanza Machi, na Mei ikiisha nayo yamekwisha. Juni ni kipupwe, ardhi inakauka, na mvua za vuli haziji mpaka Oktoba. Fulana zilikuja, bango likaja, picha zikapigwa, na miche yote ikafa kabla ya Agosti. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, mvua zikiwa juu. Hiyo ndiyo tunayoishika sasa.

Lakini maneno yaliyoniudhi kuliko yote ni haya: "Watoto wa mjini wavivu, hawabaki shuleni baada ya vipindi." Anayesema hivyo hajawahi kusimama kituoni saa kumi jioni amevaa sare. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na konda anajua kiti hicho hicho mtu mzima atakilipia zaidi. Kwa hiyo unasikia, "Wakubwa waingie, madenti subirini!" Gari la pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo. Mtoto wa Chamazi akibaki klabu saa moja tu, anaweza kuingia nyumbani usiku. Nilimfuata mama mmoja Mbagala nimwombee binti yake ruhusa. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji, kisha akasema, "Mwalimu, klabu siikatai. Ninachokataa ni giza."

Nikaondoka pale nikiwa nimeshaelewa. Nikaacha kupanga wanachama kwa madarasa. Nikapita na daftari nikimuuliza kila mmoja anapanda gari la wapi. Ikatoka njia ya Rangi Tatu, ya Chamazi, ya Buza, ya Kigamboni kwa kupitia Kongowe, na kundi la Tandika ambao wanatembea kwa miguu. Kila njia ikachagua kiongozi wake, na kitalu chake kikawa nyumbani kwa mwanachama mwenye uwanja, maji na mzazi aliyekubali. Wanarudi pamoja, wanashuka pamoja, wanamwagilia, wanaingia majumbani jua bado lipo. Konda mwenyewe hupata tabu kuliacha kundi zima linalopanda kwa mpangilio na nauli mkononi. Shuleni tumebakiza kikao kifupi tu wakati wa mapumziko, cha kugawana mbegu na kusomeana madaftari. Likizo haituui tena, maana mtoto akiwa likizo yuko pale pale kilipo kitalu.

Kuna mwalimu mwenzangu alisema hiyo siyo klabu ya shule tena. Nikamkumbusha kwamba Roots & Shoots, jumuiya ya klabu za vijana wa mazingira ambayo leo iko katika nchi zaidi ya 60, ilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1991, vijana 12 wa sekondari walipokusanyika barazani nyumbani kwa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe. Kama baraza la nyumba lilitosha kwa hao, baraza la Chamazi linatutosha na sisi.

Hela hatukusanyi. Tangu 2016 sekondari hizi ni bila ada, na mlezi anayeanzisha michango yake anajitafutia matatizo na wazazi. Kiingilio chetu ni chupa tupu za maji za lita moja na nusu: kata shingo, toboa chini, kiriba tayari. Mfukoni mwangu hutoka mbolea ya kuku na vocha za viongozi wa njia, elfu kumi, mara nyingine inazidi.

Sasa niwaeleze habari ya daladala, maana najivunia watoto hawa. Tulihitaji miche ya kupanda kando ya ukuta wa shule, na mizuri yote ilikuwa Chamazi. Siku ya kwanza waliibeba asubuhi ya shule kwenye ndoo. Konda akawashusha: "Madenti kwa mia mbili, halafu na shamba juu? Shukeni!" Wakarudisha ndoo nyumbani, wakachelewa mstarini. Mimi nikaanza kutafuta bei za bajaji na zikanikatisha tamaa. Yule binti aliyekuwa akikwangua magome akaniambia, "Mwalimu, tuachie." Jumamosi akaenda na wenzake pale gari zinapopangia foleni, saa ambayo gari linakaa kusubiri abiria na konda hana haraka. Hakuomba kubebewa. Alimwonyesha konda mche wa mstafeli, akamuuliza kama nyumbani kwake kuna nafasi ya mti. Wakaongea mistafeli, kivuli na mama yake konda aliyeko Rufiji, mpaka gari likajaa. Konda akapewa miche yake, na ndoo zetu zikaingia chini ya kiti cha nyuma. Aliendelea kutubebea kila Jumamosi mpaka ukuta ukaisha, na akawa anawauliza wale wengine mche wake ukinyauka majani aufanyeje. Bajaji haikulipwa hata senti.

Mbegu ziko bure mjini hapa, ila zina masharti. Mbegu za mwarobaini usizihifadhi kusubiri mvua; zikikaa wiki chache zinapoteza nguvu, kwa hiyo okota, menya, panda. Mkwaju uloweke usiku kucha. Embe ndiyo rafiki yetu mkubwa, kwa sababu msimu wake Dar unaangukia likizo ya Desemba: watoto wanakula, wanapasua kokwa kwa uangalifu, wanatoa kiini na kukipanda siku hizo hizo kabla hakijakauka. Masika yakifika mche una urefu wa kutosha kuhimili ardhi. Mtu akikuambia mwembe wa kokwa unachelewa kuzaa, mjibu kwamba sisi tunatafuta kivuli kwanza.

Tarehe 5 Juni bado tunaiadhimisha, lakini hatupandi kitu. Siku hiyo kila njia inaleta daftari lake, tunazunguka mti kwa mti uliopandwa Aprili, uliokufa tunaufuta, uliodhoofika tunauwekea matandazo na uzio wa miiba dhidi ya mbuzi, na kiongozi wa njia anaandika nani ataumwagilia mpaka vuli. Mgeni rasmi akija anakaribishwa, na ndoo ya maji ipo.