Sisi Sote Tupo Hapa

Neno la wiki: Matendo ya Mitume 16:25–34

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kisa cha Paulo na Sila katika gereza la Filipi wengi wetu tunakikumbuka kwa zile nyimbo za usiku wa manane na tetemeko lililofungua milango. Tukihubiri, mara nyingi tunaishia pale vifungo vinapolegea. Wiki hii naomba tusogee mbele kidogo, tumtazame mlinzi wa gereza. Jina lake hatuambiwi. Ameshtuka usingizini, ameona milango iko wazi, amefuta upanga na anataka kujiua, "akidhani ya kuwa wafungwa wamekimbia."

Hofu yake ilikuwa na msingi. Sura nne nyuma, malaika alipomtoa Petro gerezani, Herode aliwahoji walinzi kisha akaamuru wauawe. Mlinzi huyu alijua kesho yake ingekuwaje: aibu mbele ya wakubwa, adhabu, na watu wa nyumbani mwake kubaki wakinyooshewa vidole. Akaona heri amalize mwenyewe. Na kumbe hakuna mfungwa hata mmoja aliyetoka. Alikuwa anakaribia kufa kwa ajili ya jambo ambalo halijatokea, kwa sababu palikuwa na giza na hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Ndipo Paulo, mgongo ukiwa bado na mapigo ya bakora, akapaza sauti kutoka chumba cha ndani: "Usijidhuru, kwa maana sisi sote tupo hapa."

Mistari hii naibeba kazini kila zamu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Marekani, na kazi yangu ni kuwafuata watu walio katika saa kama ile ya mlinzi. Tunakwenda wawili wawili, mshauri na muuguzi, kwa gari la kawaida lisilo na king'ora. Mtu anapiga simu, yeye mwenyewe au ndugu yake au jirani. Tangu Julai 2022 nchi hii ina namba fupi, 988, kwa ajili ya dharura za namna hiyo. Wengi husaidika kwa mazungumzo ya simu peke yake. Pale simu isipotosha, katika miji yenye timu kama yetu, tunatumwa tuwafuate walipo: nyumbani, kituo cha basi, chini ya daraja, maegesho ya magari ya duka kubwa.

Utaratibu huu haukuanzishwa jana. Mji wa Eugene, jimbo la Oregon, ulianza mwaka 1989, kliniki moja ikitoa gari lenye mtu wa tiba na mtu wa ushauri, bila silaha. Miji mingine ilichelewa sana kufuata, na kuchelewa huko kuligharimu damu. Oktoba 2020, huko Philadelphia, familia iliyosema iliomba gari la wagonjwa kwa ajili ya kijana wao aliyechanganyikiwa ilifikiwa na polisi, na kijana yule, aliyekuwa na kisu mkononi, alipigwa risasi barabarani mama yake akiwepo. Na inaniuma kusema kwamba huduma ile ya Eugene, iliyowafundisha wengine, ilisimama mjini humo mwaka 2025 baada ya fedha kupungua. Tuwaombee waliofanya kazi pale. Walitembea njia hii kabla haijawa na jina.

Niwape picha ya zamu moja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili wahusika wasijulikane.

Tuliitwa usiku kwenye jengo la ghorofa wanakoishi wakimbizi wengi kutoka Kongo. Mama mmoja wa Kivu alikuwa amesimama mlangoni, kitenge amekifunga juu ya gauni la kulalia. Alipoona redio kiunoni mwangu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mko bapolisi?"

"Hapana, mama. Hatuna bunduki wala pingu. Mimi ni mtoto wa Tanzania, na huyu mwenzangu ni muuguzi."

Akashusha pumzi, akatuonyesha ngazi za nyuma. Kijana wake alikuwa amekaa kule tangu jioni. Alikuwa amekataa chakula, na dada yake alikuwa amepokea ujumbe wa kuaga.

Sikumsogelea. Nilikaa ngazi chache chini yake, nikajibana ukutani ili apate nafasi ya kupita akitaka kuondoka, maana mtu aliyezingirwa hupigana hata na anayekuja kumsaidia. Nikamtajia jina langu, nikamwambia nani alitupigia simu, nikamwambia sina haraka. Muuguzi alinyamaza kabisa, kwa sababu mtu wa hali ile hawezi kusikiliza sauti mbili kwa pamoja. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha nikamwuliza wazi: "Mdogo wangu, unafikiria kujiua?"

Najua swali hilo linawatisha wengi. Tunadhani tukilitamka tutampandia mtu wazo. Utafiti umeonyesha kwamba kumwuliza mtu hakumwingizii wazo hilo, na mara nyingi humpunguzia mzigo, kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyethubutu kulitaja. Kijana alinitazama kwa mara ya kwanza. "Ndiyo, kaka." Halafu akaanza kusema.

Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa familia. Barua zote za Kiingereza, za shule, za hospitali, za kodi ya nyumba, zilipitia mikononi mwake. Alikuwa amepoteza kazi kwenye kiwanda cha nyama, hakumwambia mtu, na mfukoni alikuwa na barua ya mwenye nyumba aliyoikunja mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Aliisoma peke yake, akaelewa kwamba mama na wadogo zake wanatolewa nje, na kwamba yeye ndiye chanzo. Tuliisoma pamoja kwa mwanga wa simu. Ilikuwa onyo la kuchelewa kulipa, na chini yake palikuwa na namba ya ofisi ya kupanga malipo kidogo kidogo.

Sisemi kwamba shida za watu ni za kudhani tu. Kazi ilikuwa imekwenda kweli, deni lilikuwa la kweli, na yapo maradhi ya akili yanayohitaji dawa na daktari kama ilivyo kwa kisukari. Nyakati nyingine tunalazimika kumpeleka mtu hospitali usiku huo huo. Lakini nimeona tena na tena jinsi giza linavyolifanya tatizo moja kuwa mwisho wa kila kitu, na jinsi dakika zile kali zinavyoweza kupita mtu akishikwa mkono. Muuguzi alimpima presha, akamwuliza mara ya mwisho kula na kulala ni lini. Mama akaleta chai na mkate. Tukaandika kwenye karatasi, kwa Kiswahili, dalili za kumwambia kwamba wimbi linarudi, nani wa kumpigia kwanza, nani wa pili, na baba mdogo akachukua kwake vitu ambavyo angeweza kujidhuru navyo. Kesho yake tulipiga simu kumjulia hali.

Sasa turudi Filipi, kwa maana hapo ndipo moyo wangu ulipo wiki hii.

Angalieni Paulo hakusema nini. Hakumwambia yule mtu kwamba kujiua ni dhambi. Hakumwambia kwamba ana imani haba. Hakumkumbusha kwamba saa chache tu zilizopita ndiye aliyewatia chumba cha ndani na kuwabana miguu kwenye mkatale. Injili alikuwa nayo kinywani, na bado kwanza alimpa mtu yule kitu alichokihitaji ili aishi dakika ya pili: habari ya kweli, kwa sauti ya kusikika, kutoka kwa watu waliopo. Taa zikaletwa. Mlinzi akaingia akitetemeka. Na ni yeye mwenyewe aliyeuliza, "Yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?" Mahubiri yalikuja baada ya swali lake.

Na lipo jambo jingine ambalo nisingelisema kama lisingekuwa ndani ya sura hiyo hiyo. Mistari michache kabla, Paulo alimtoa pepo yule kijakazi aliyekuwa akiwafuata njiani siku nyingi. Paulo hakuwa mgeni wa kukemea pepo. Alipofika kwa mlinzi, hakukemea kitu. Mtume aliyekuwa na karama ile alijua kutofautisha, na sisi tunaokimbilia kumwekea mikono kila mwenye sonona tukipaza sauti juu ya kichwa chake tuna la kujifunza kwake. Nimekutana na watu waliokaa miaka wakiamini wamelaaniwa kwa sababu maombi hayakuwaondolea ugonjwa. Wengine waliacha dawa kwa kuambiwa dawa ni kukosa imani. Hilo si neno la Mungu, ndugu zangu, na walioambiwa hivyo wanateseka.

Mama yule wa Kivu, nilipomwuliza nani mwingine anajua hali ya kijana, alisema walikuwa wamewaeleza viongozi wa kanisa lao. Waliambiwa wafunge na kuomba. Walifunga. Hakuna aliyekuja.

Siandiki haya kuyapinga maombi. Paulo na Sila walikuwa macho usiku wa manane kwa sababu walikuwa wakiomba, na ndiyo maana walikuwa tayari saa ya hatari ilipofika. Maombi yao yaliwaweka karibu na mtu aliyekuwa anaangamia. Maombi yanayotuacha mbali naye, tukituma ujumbe wa mikono iliyokunjwa kwenye simu kisha tukalala, sijui tuyaitaje.

Nyumbani Afrika Mashariki tuna deni jingine. Kwetu Tanzania, Kanuni ya Adhabu imeliweka jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya nayo ilikuwa hivyo, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Fikirini mtu aliyenusurika, bado ana dripu mkononi, naye anaogopa kusema ukweli kwa daktari kwa sababu ya polisi. Na kanisani wapo waliokataa kuwazika waliokufa hivyo, wakawaachia mama zao msiba usio na wimbo wala sala. Mlinzi wa Filipi alikutwa na upanga mkononi. Hakuna aliyemfungulia mashtaka, na kabla ya alfajiri alikuwa amebatizwa, yeye na wote walio wake.

Tena kuna ile saa ya usiku aliyowachukua Paulo na Sila, "akawaosha mapigo yao." Wale waliomwokoa walikuwa na majeraha yao wenyewe, na aliyeokolewa ndiye aliyeyaosha. Kisha akawaandalia chakula nyumbani kwake. Tunaofanya kazi hii tunauhitaji mstari huo. Ziko zamu ambazo mtu hatukumkuta hai. Ukirudi nyumbani asubuhi, watoto wanataka uji, na huwezi kusema ulichokiona. Mwenzangu wa zamu ni mtu asiye na dini, na mara nyingi ni yeye aliyenishika bega ndani ya gari kabla hatujawasha injini. Mungu ana namna nyingi za kuosha mapigo. Kama una ndugu anayefanya kazi ya namna hii, nesi, mshauri, askari, dereva wa gari la wagonjwa, usimwulize "kulikuwa na nini leo?" Mpikie. Kaa naye.

Nimalize na lile linalonisumbua zaidi. Paulo alisema "sisi sote." Angesema "mimi nipo" ingekuwa kweli, lakini isingemtosha mlinzi, kwa sababu hofu yake ilikuwa juu ya wafungwa wote. Wafungwa wengine, watu ambao hatuwajui hata kwa sura, hawakutoka ingawa milango ilikuwa wazi, na kubaki kwao ndiko kulikoyafanya maneno ya Paulo kuwa kweli. Sisi wa timu tunakaa saa moja, saa mbili, kisha redio inaita na tunaondoka. Hatuwezi kusema "sote." Wanaoweza kulisema ni wale watakaokuwepo Jumanne, na wiki ijayo, na siku kijana atakapokwenda ofisi ya mwenye nyumba kupanga deni.

Kwa hiyo naomba mambo mawili katika ushirika wetu wa wiki hii. Kwanza, kila kikundi cha nyumbani kiwe na watu wawili watakaokubali kuamshwa usiku, na majina yao yajulikane na wote, hasa vijana. Hawahitaji kuwa wataalamu. Wajue kukaa, kusikiliza bila kukatiza, kuuliza lile swali gumu wazi wazi, na kupiga 988 wakiwa upande wa mhusika. Mnaweza kuomba mkalimani. Tamkeni tu "Swahili" mkabaki kwenye simu. Walioko Kanada wana namba hiyo hiyo tangu Novemba 2023. Mlioko nyumbani, msindikizeni mtu hadi kituo cha afya, muingie naye na mngoje naye.

Pili, tuzikumbuke kwa sala familia zilizompoteza mtu kwa njia hii, na sala hiyo iwe ya wazi, ndani ya ibada, kama tunavyowaombea wafiwa wengine wote. Nimezungumza na mama mmoja wa ushirika wetu. Ameruhusu tumwombee, na ameomba jina la mwanawe litajwe Jumapili kwa sauti. Tutalitaja.