Kuku wazima, mtoto mgonjwa

Nafuga kuku wa nyama Makorora, Tanga, na nauza waliokwisha kuchinjwa. Jumatatu moja binti yangu wa miaka minne aliamka na homa, tumbo linamsokota. Kufika jioni choo kina damu. Duka la dawa wakanipa vidonge vya amiba. Kesho yake hali ni ileile.

Hospitali wakapima choo, amiba hakuna. Dada wa maabara akakirudia kikiwa bado kibichi, akaona vijidudu vilivyopinda kama alama ya mkato, vingine viwiliviwili kama mabawa ya shakwe, vinachomoka mbio huku na huku.

"Baba, nyumbani mnafuga kuku?"

Akanitajia jina la vijidudu hivyo: kampilobakta, aina ya bakteria. Kuviotesha pale hawawezi, maana vinataka oksijeni kidogo sana na joto la nyuzi 42. Joto hilo ni la mwili wa kuku! Daktari akasema wengi hupona ndani ya wiki bila antibaiotiki, ila kwa damu na homa ile akaandika azithromaisini. Kazi yenyewe ilikuwa ORS, kijiko baada ya kijiko, usiku kucha.

Mimi nilibisha. Kuku wangu wanakula, wananenepa, hakuna hata mmoja anayeharisha. Bwana mifugo akacheka: kuku hubeba wadudu hawa utumboni bila kuumwa. Ng'ombe na kondoo ndio hutupishwa mimba na jamaa za wadudu hawa. Akaniambia nihesabu nyuma siku mbili hadi tano.

Nikahesabu, nikafika Ijumaa. Nilimkatakata kuku juu ya kibao, nikakipangusa na kitambaa (aibu hii ni yangu, si ya mama watoto), kisha kibao hichohicho kikakatiwa kachumbari. Kuku aliiva mpaka mifupa ikaachia. Kachumbari haipikwi.

Sasa kibao cha nyama kinakaa bandani, na ndara za bandani hazivuki kizingiti. Mtoto habebi vifaranga, hata akilia. Kugumu kulikuwa kuacha kumwosha kuku mbichi jikoni, maji yake yanarukia vyombo na mboga. Mama mkwe hakutaka kusikia: "Kuku asiyeoshwa! Mwanangu, nimle mimi?" Tulivutana wiki nzima. Mwishowe nikamnunulia beseni lake. Anaoshea uani, mbali na vyombo, akimaliza anamwagia beseni maji ya moto na kunawa kwa sabuni huku akininung'unikia.